Kurudisha majani kwenye malisho ya kijiji: mkubaliane kwanza, mbegu baadaye

Kila mvua zikikaribia napigiwa simu na mtu anauliza mbegu gani ya majani ni nzuri, inauzwa wapi, kilo bei gani, na mimi jibu langu ni lile lile, weka mbegu pembeni kwanza uniambie nyie kijijini mmekubaliana nini. Wengine wanaona nawazungusha. Lakini malisho ya kijiji si shamba la mtu, ni ya wote, na sehemu nyingi nilizopita majani hayajaisha kwa kukosa mbegu, yameisha kwa sababu hayajawahi kuachwa hata msimu mmoja yakatoa kichwa yakadondosha mbegu. Ukimwaga mbegu za laki nane halafu wiki ya tatu mbuzi wa jirani wakapita, basi umewalisha mbuzi chakula cha bei kali sana.

Naandika nikiwa huku Simanjiro kwa hiyo mifano mingi ni ya kwetu, ya Shinyanga na ya wenzetu wa Kajiado, Kenya. Kama uko sehemu ya mvua nyingi kama Bukoba mengine hayatakuhusu, chukua yanayokufaa.

Kuna watu wakiona ardhi imekuwa nyekundu tupu wanasema hapa pamekufa. Mimi huwa nawapa habari ya Shinyanga. Kule miti ilifyekwa enzi za mkoloni kuondoa mbung'o, ikaja pamba ikala maeneo, zikaja operesheni za vijiji miaka ya 70 watu wakahamishwa wakaacha maeneo yao ya akiba ya majani, mpaka miaka ya 80 hali ikawa mbaya kiasi kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alipaita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na mwanzoni nao walifanya kama hawa wanaonipigia simu, vitalu vya miche, miti ya kigeni, kupanda kupanda kupanda. Mambo yakaja kunyooka waliporudi kwa wazee wa Kisukuma na kitu chao cha zamani, ngitili. Ngitili ni eneo linalofungwa mvua zikianza, majani yanasimama, halafu linafunguliwa kiangazi kikikaza. Basi. Hamna siri nyingine. Mradi ulipoanza ngitili zilizokuwa zinajulikana zilikuwa kama hekta 600, mpaka unafungwa 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000 kwenye vijiji zaidi ya 800. Na sehemu kubwa ya miti ile hakuna aliyeipanda, ilikuwa chini ya ardhi inasubiri kuachwa ipumue.

Sisi Wamasai tunayo pia, tunaita alalili, kwa kawaida ni ile sehemu karibu na boma inayowekwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wanyonge. Kwa hiyo ukienda kwa wazee usiende na maneno ya "mradi mpya wa uhifadhi" wakaanza kukutazama wakijiuliza safari hii tunahamishwa kwenda wapi. Nenda uwaulize alalili za zamani zilikuwa wapi na ziliisha lini. Mkutano unakuwa mwepesi ajabu.

Sasa tuanze kazi yenyewe.

Kazi ya kwanza ni watu, na hapa ndipo utakaa muda mrefu, hata mwaka, usione aibu. Usikimbilie mkutano mkuu. Mkutano mkuu ni mahali pa kupitisha kitu ambacho kimeshaongelewa, ukikipeleka kibichi atasimama mtu mmoja mwenye ng'ombe mia sita akiguna tu, na habari imeishia hapo. Anza na malaigwanani, yaani viongozi wetu wa kimila, na wazee wa kila kitongoji. Halafu, hili wengi wanasahau, kaa na wachungaji wenyewe, wale vijana na watoto wanaoamka na ng'ombe saa kumi na mbili. Mzee atasema ndiyo kwenye kikao lakini anayeamua ng'ombe aingie au asiingie saa nane mchana jua likiwaka ni yule kijana. Na kina mama, maana wao ndio wanakata kuni humo, wanafuata maji humo, na mbuzi na ndama kwa sehemu kubwa viko mikononi mwao. Ukifunga eneo bila kuwaambia kuni watatoa wapi, umefunga kwa mdomo tu.

Halafu majirani. Ng'ombe hawajui mpaka wa kijiji, na kusema ukweli sisi wenyewe hatujawahi kuishi kwa mipaka hiyo, mwaka wa njaa mimi naenda kwako na mwaka mwingine unakuja kwangu. Kwa hiyo alika kijiji cha pili na cha tatu mapema, mkubaliane nani ataomba vipi na ataomba kwa nani. Mkiwafungia bila kuongea mnajitengenezea ugomvi, na siku mvua ikiwakosa nyie mtaenda kwao kwa uso gani.

Mkishaelewana ndio muweke kwenye karatasi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Makubaliano ya mdomo yanafaa mpaka siku anapokuja mtu na trekta kutafuta mashamba. Kwa Tanzania Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 inatambua ardhi ya kijiji ya pamoja, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi namba 6 ya 2007 inawapa njia ya kutenga malisho kwenye mpango wa matumizi bora wa kijiji. Mwambieni mtendaji awaandikie muhtasari halmashauri ya kijiji ikikaa, halafu mkutano mkuu upitishe, halafu sheria ndogo ziende halmashauri ya wilaya zikapitishwe na kule. Hii hatua ya wilaya watu wanairuka kwa sababu inachosha, nenda rudi nauli ya boda inaisha, lakini faini bila sheria ndogo iliyopita wilayani mtu akikupeleka mahakamani anakushinda asubuhi tu. Mkiweza fikeni mpaka kwenye hati ya hakimiliki ya kimila ya kundi, inawezekana, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata ya kwao 2011 na wao hata mifugo hawana. Wenzetu wa Kenya mna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ranchi za kikundi za zamani zinatakiwa zijisajili upya chini yake. Fanyeni hivyo kabla watu hawajaanza kugawana vipande, maana kikishagawanywa kila mtu anaweka waya na habari ya malisho ya pamoja imeisha.

Neno dogo kuhusu Shinyanga tena. Ngitili nyingi zilikuwa za familia, siyo za kijiji, na za familia kwa kweli zinatunzwa vizuri kwa sababu mwenyewe yupo analala nazo. Ila mwenye ng'ombe wengi ndiye anayefunga eneo kubwa, na asiye na kitu anabaki anazunguka pembezoni. Mimi napendelea mchanganyiko, alalili ndogo za maboma na moja kubwa ya kijiji, na ile ya kijiji iwe na sheria ya idadi, boma likiingiza lisizidi kiasi fulani hata kama una ng'ombe elfu.

Sasa twende porini. Kabla ya kuchagua eneo tembea, na tembea na mzee. Njia yangu ni ya kijinga kabisa ila inafanya kazi, unatembea hatua mia moja mstari mmoja na kila hatua unaangalia ncha ya kiatu imegusa nini: majani ya kudumu, majani ya msimu, magugu, takataka kavu, au udongo mtupu. Mtu wa pili anaweka alama kwenye daftari. Ukimaliza unayo asilimia yako bila kulipa mtaalamu. Fanya mistari mitano sita sehemu tofauti, piga picha na simu, chimbia mti au jiwe kubwa uweke rangi ili mwakani upige picha palepale umesimama vilevile. Picha ndiyo itakutetea mwaka wa pili watu wakianza kusema hamna kilichobadilika.

Chagua sehemu ambayo bado ina mashina ya majani ya kudumu hata kama yameliwa yakawa kama brashi ya viatu, na visiki vya miti vinavyochipua. Usianze na pale palipoharibika kuliko pote. Najua inauma, kila mtu anataka kuonyesha muujiza pale kwenye udongo mwekundu kando ya barabara, lakini pale patakula nguvu zenu zote na mwaka wa kwanza hamtaona kitu, watu watakata tamaa. Anza na pale penye afya nusu, patajibu haraka, watu wataamini, halafu mtahamia kule kwenye kidonda.

Na angalia maji yako wapi. Kuliko walinzi, kuliko faini, anayeamua majani yapumzike ni maji. Ng'ombe halisagi eneo ambalo hana pa kunywa karibu. Ukiona lambo au bomba lolote, zunguka utaona duara tupu pembeni yake na majani yanaanza mbali huko. Kwa hiyo eneo la akiba liwe ambalo maji yake mnaweza kuyafunga, kisima chenye koki, au lambo la msimu ambalo mwezi wa saba linakauka lenyewe. Na muwe wakali sana na watu wanaokuja kuwachimbia kisima cha bure katikati ya malisho ya kiangazi, nia yao nzuri lakini miaka mitatu baadaye pale patakuwa na maduka, maboma ya kudumu na vumbi.

Kuhusu lini kufunga na lini kufungua. Huku kwetu vuli ni Novemba Desemba (ikija), masika Machi mpaka Mei. Mnafunga mvua za kwanza zikigusa, siyo mwezi mmoja baadaye, kwa sababu jani linapochipua linatumia akiba ya mzizi, likikatwa pale mara mbili tatu mzizi unakonda na ukame ukija unakufa. Acheni mpaka majani yatoe kichwa, yakauke, mbegu zidondoke, kwa kawaida mwezi wa sita wa saba hivi. Halafu mkae nayo mpaka kwingine pote pamekwisha. Mwaka wa kwanza mimi ningewaomba msifungue kabisa kama mnaweza kuvumilia, au muingize ndama tu.

Hilo la mvua lina bahati yake huku. Wakati wa mvua ndipo nyumbu na punda milia wanatoka hifadhi ya Tarangire kuja kwenye mbuga za Simanjiro, nyumbu wanazalia huku, kwa sababu majani mafupi ya huku yana madini, fosforasi hasa, ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji. Na wafugaji miaka yote nyumbu wakizaa tunawatoa ng'ombe kwenye hizo mbuga kwa miezi mitatu minne, maana ndama wa nyumbu anaambukiza ng'ombe ugonjwa ambao hauna dawa. Yaani kalenda ya mnyama na ya mfugaji zilishapangana zamani kabla ya mpango wowote wa karatasi, nyie mnachofanya ni kuiandika.

Udongo mtupu, ule uliokuwa mgumu kama sakafu, huo haurudi kwa kuufunga peke yake kwa sababu maji yanateleza tu juu. Hapo kuna njia kama tatu.

Mashimo ya nusu mwezi ndiyo yanapendeza kwenye picha. Kule Kuku, Kajiado, katikati ya Amboseli na Tsavo Magharibi, jamii imechimba mengi sana na ukiangalia kutoka juu yanaonekana kama midomo inatabasamu. Kila moja lina urefu kama mita 5 na upana kama mita 2 na nusu, udongo unaotoka unalundikwa upande wa chini kuwa tuta, na mdomo wazi unatazama juu maji yanakotoka. JUU. Narudia kwa sababu sisi mara ya kwanza tulichimba arobaini na kitu, vijana wamevuja jasho siku nne, na theluthi nzima tulizigeuza zikatazama chini, mvua ikaja maji yakapita pembeni yakituangalia. Mzee mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Tengenezeni kipimo cha fremu ya A, miti mitatu na jiwe kwenye kamba, mpate mstari wa usawa kwanza, halafu mstari wa pili mashimo yakae kwenye nafasi za mstari wa kwanza ili maji yanayoponyoka juu yadakwe chini. Usichimbe kwenye mteremko mkali wala ndani ya korongo, litabomoka. Korongo dogo weka matawi ya miiba na mawe kuanzia juu linapoanzia, siyo chini linapomalizikia.

Njia ya pili ni boma la kuhama, na hii kwangu ndiyo bora kwa sababu haina gharama. Badala ya ng'ombe kulala mahali pamoja miaka kumi, mnalaza juu ya ule udongo mtupu wiki moja mbili halafu mnasogea. Kwato zinavunja ule ukoko, mbolea na mkojo vinabaki, mvua ikinyesha panachipua kuliko pote. Angalia maboma yaliyohamwa zamani, hata miaka mingi imepita bado ni kijani na jioni utakuta swala na punda milia wamejazana hapo. Ugumu wake ni fisi na simba, maana boma la kuhama haliwezi kuwa imara kama la nyumbani, na watu wa ronjo, zile kambi za muda za kuchungia, wanaujua usingizi wa namna hiyo.

Ya tatu ndiyo mbegu, tumefika sasa, haya. Tafuteni za hapohapo mnapoishi. Zinazofanya vizuri sehemu kavu ni kama Cenchrus ciliaris, ile yenye kichwa kama mkia wa mbweha, na Eragrostis superba, ile yenye vichwa bapa, wenzetu wa Kenya wanazizalisha sana. Kule Kuku kina mama wana benki za mbegu za majani, wanafunga kipande, wanavuna mbegu wanauza, na majani yenyewe wanakata wanauza vilevile. Kuvuna ni kupitisha mkono tu kwenye kichwa, ikiachia kirahisi imeiva, ikigoma iache. Anika kivulini, weka kwenye gunia linalopumua, siyo mfuko wa nailoni, na usipande palepale, hasa Cenchrus ikiwa mpya inaota vibaya, iache ikae mpaka msimu ujao. Kabla ya kupanda chukua mbegu mia weka kwenye kitambaa kibichi wiki mbili uhesabu zilizoota. Hata za kununua, nasema HATA za kununua, tulishauziwa gunia ambalo katika mia ziliota saba. Kipimo ni kama kilo 2 kwa ekari, unakwaruza udongo kidogo ndani ya nusu mwezi, unamwaga, unafunika kwa juujuu tu kwa tawi la miiba, siku chache kabla ya mvua. Ukizifukia kama mahindi hazitoki.

Miti usipande. Tafuta visiki vinavyochipua, chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, kata mengine, funga kitambaa chekundu ili watu wajue kina mwenyewe, rudi kila baada ya miezi michache. Dodoma wanaita kisiki hai na wameeneza sana, njia yenyewe ilipata jina kubwa kule Niger kuanzia miaka ya 80. Ila ni malisho haya, siyo msitu, huhitaji kila kisiki kiwe mti. Acha migunga kwa nafasi ng'ombe apate kivuli na maganda ya kiangazi, na twiga apate chake. Na magugu msiyachekee, kule Arusha gugu karoti limetapakaa kuanzia kando za barabara, ling'oeni kabla ya maua na mikono ikiwa imefunikwa maana linawasha, mifugo ikilila hata maziwa yanakuwa machungu.

Sasa wanyamapori. Wengi wanaandika kama vile mnyama ni rafiki tu. Punda milia hajui sheria ndogo. Mkifunga eneo miezi minane majani yakasimama, kundi la punda milia litaingia na kufaidi na hutampiga faini, na hapo lazima atatokea mtu kwenye kikao aseme tunafungia wanyama wa serikali. Jibu langu kwake ni hili: kuna jaribio limeendeshwa kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, Kenya tangu 1995, wamezungushia vipande wanavyoruhusu ng'ombe peke yake, vingine ng'ombe na wanyama pamoja, na walichoona ni kwamba kiangazi kweli wanyama wanampunguzia ng'ombe chakula, lakini wakati wa mvua ng'ombe aliyelisha pamoja na wanyama aliongezeka uzito zaidi, kwa sababu punda milia anakula yale mashina magumu na kuacha machanga yachipue. Kwa hiyo malalamiko yake yana ukweli nusu, na huo nusu muuheshimu. Shinyanga nako wanyama na ndege walivyorudi walikuja na waharibifu wa mazao humohumo, faida bado ilizidi hasara kwenye hesabu, lakini hasara ilikuwepo na iliwapata watu fulani, siyo wote.

Mambo matatu ya kufanya hapo. Msizungushe waya. Najua waya unarahisisha, ila waya unakata njia, swala ananasa, na ukiziba njia moja nyumbu hageuki akatafuta nyingine, anapotea. Waulizeni watu wa Kitengela, nyumbu walikuwa wanatoka hifadhi ya Nairobi kwa maelfu kwenda nyanda za Kaputiei, zikaja nyumba na uzio, waliobaki ni wachache wa kuhesabika. Alama za miti iliyopakwa rangi na mchungaji anayejua mpaka vinatosha. Pili, imarisheni boma la usiku kabla wanyama hawajaongezeka, siyo baada ya simba kuua. Huku Simanjiro watu wanapanda matawi ya mti wa Commiphora, yanashika mizizi na kuota kama nguzo, halafu wanafunga waya wa matundu juu yake, simba hapenyi wala haruki, wanaita boma hai. Maboma mengi sana yameshakuwa nalo na mtu aliyelipata analala. Tatu, muwe na watu wenu wanaozunguka, vijana wa kijiji wenye posho hata ndogo, wanaoondoa mitego, wanaandika wamemwona nani wapi, na wanaojua namba ya simu ya askari wa wanyamapori tembo akiingia shambani.

Pesa. Njia zipo ila polepole. Kijiji cha Terrat hapahapa Simanjiro tangu 2005 kilikubaliana na kampuni za utalii ziwe zinalipa kijiji kila mwaka ili ile mbuga ya majani mafupi isilimwe, ng'ombe wanaendelea kuchunga kama kawaida, nyumbu wanazaa kama kawaida. Napenda mfano huo kwa sababu ni rahisi kuelewa, hamna mtu aliyehamishwa. Kuna jumuiya za hifadhi ya wanyamapori kama Enduimet, Randileni na Makame, hizo zina mapato lakini zina na kanuni nyingi, someni vizuri nani anashika hela na anagawa lini. Siku hizi wanakuja pia watu wa kaboni, wale wanaolipa ili miti na udongo vitunze hewa ya ukaa, na makaratasi marefu. Sisemi ni wabaya, ila mkataba wa miaka thelathini usisainiwe kikao cha mchana mmoja. Ombeni uwe kwa Kiswahili, mtafute mwanasheria wa kwenu, muulize je mwaka wa ukame tukihitaji kuingiza ng'ombe tunaruhusiwa, na wakijibu kwa kuzunguka muwaage kwa heshima. Mizinga ya nyuki na kuuza majani makavu vinaingiza kidogo kidogo na havihitaji mkataba.

Faini iwe ndogo na ilipwe, kuliko kubwa isiyolipwa. Shinyanga ilishikilia kwa sababu dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ilikaa na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakasimamia, hakukuwa na ukoo mkubwa wala mdogo. Kwetu faini ya kwanza aliyelipa alikuwa ndugu wa mwenyekiti, na sidhani tungefika popote kama angesamehewa. Toeni risiti, pesa isomwe kwenye mkutano.

Siku ya kufungua sasa, maana hapa nimeona kazi ya mwaka ikiisha kwa siku tisa. Msifungue lote. Gaweni vipande vitatu vinne kwa alama za asili, mti ule, kilima kile. Waanze ng'ombe wanaonyonyesha na wagonjwa, wafuate wengine, mbuzi mwisho. Mkikuta majani yamefika nusu ya urefu wake mnahamia kipande cha pili, nusu inayobaki ndiyo inafunika udongo na kudaka mvua ya kwanza, siyo mabaki ya kumaliza. Msichome moto hapo kwa ajili ya kupe, angalau miaka mitatu minne ya mwanzo.

Na mwaka wa ukame mkubwa mpango wote huu utavunjwa, mkubaliane mapema utavunjwa vipi. 2022 tulikiona, ng'ombe walikufa huku na Kajiado, na wizara ya Kenya ilihesabu kati ya Februari na Oktoba mwaka ule tembo 205, nyumbu 512 na punda milia 381 waliokufa kwa ukame. Andikeni kwenye sheria ndogo: mvua zikikosa misimu miwili mfululizo kamati inafungua kipande fulani kwa majike ya mbegu tu, kila boma idadi sawa, wageni wanaoomba wanapewa kiasi fulani kwa siku kadhaa, na kile kipande cha mwisho hakiguswi hata aje nani. Wauzeni madume mapema, mwezi wa saba wakiwa bado na nyama, siyo wa kumi wakiwa mifupa. Na mvua ikirudi funga palepale siku hiyohiyo, hata kama ng'ombe wamekonda na kila mtu anakulilia, maana zile wiki sita za kwanza baada ya ukame ndizo mzizi unaamua kama unabaki.

Ukikwama kwenye kupima mstari wa usawa niulize, na kama hujui mbegu uliyonayo ni ipi, piga picha ya kichwa kikiwa kimekomaa pamoja na shina mpaka chini, siyo jani peke yake, majani machanga yote yanafanana hata mimi nachanganya.